Kaburi Nililomchorea Ta Koti

Koku mwanangu,

Salamu sitakuandikia. Uko chumba cha pili, nakusikia ukibishana na mama yako juu ya sanduku: yeye anataka uweke senene wa kukaanga, wewe unasema nguo zitanuka. Wabebe tu, huko unakokwenda utawakumbuka. Mengine yote amekwisha kukwambia, maji yachemshwe, misa isikosekane, mlango ufungwe kwa komeo. Mimi hapo sina la kuongeza.

Naandika kwa sababu tangu juzi ulipoweka kijitabu chako juu ya meza yangu sijasema nawe neno la maana. Umeniletea chai, nimeipokea kama mgeni. Ukaniuliza kama nimekisoma, nikasema miwani sijaiona, na miwani nilikuwa nimeivaa. Najua umeudhika. Mama yako ameniambia, "Mtoto anasafiri kesho na wewe umenuna kama mtu aliyeibiwa mkungu." Sikununa. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nanyamaza. Ni tabia mbaya, na dalili zake naziona kwako, kwa hiyo jihadhari.

Juu ya jalada umebandika kikaratasi: "Baba, nikipeleke?" Ndani umechora habari ya Kishanda, ile ya kaburi, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Unataka kuwaonyesha wale wa Dar es Salaam waliokuajiri kwenye kiwanda chao cha uchapaji, wakichape kwa mashine kubwa, kiuzwe hadi Songea. Umeniuliza kwa adabu, nami nitakujibu. Lakini niache nianze mbali kidogo, kwa sababu habari hii umeisikia kwa watu, na watu kwa kunihurumia wamepunguza.

Umenichora vizuri kupita kiasi. Katika kijitabu chako mimi ni mwalimu mnyonge aliyenyang'anywa kalamu na wakubwa. Nimeiangalia sana ile picha: nimeinama, na mkono wa mkubwa umeshika kalamu yangu. Hakuna mkubwa aliyeninyang'anya kalamu, Koku. Walinipa karatasi zaidi.

Nilipopelekwa kufundisha Kishanda, uhuru ulikuwa bado mpya. Shule yetu ilikuwa na mashine ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, kwa ajili ya mitihani. Unakwaruza karatasi ya nta kwa kalamu ya chuma, unaifunga kwenye mashine, na wino unapita pale ulipokwaruza. Siku moja, kwa utundu tu, nikamkwaruza mwalimu mkuu akisinzia mkutanoni, nikazungusha. Walimu walicheka mpaka mmoja akatoka nje ameshika mbavu. Mwalimu mkuu mwenyewe alicheka, akaomba nakala. Kicheko kile ndicho kilichoniharibu. Ukishachekesha chumba kizima mara moja, huachi tena kukitafuta, na unasahau kuuliza anayechekwa ni nani.

Hapo ndipo alipozaliwa Ta Koti, yaani Mzee Koti, mtu wa michoro yangu. Mtu mwembamba, amevaa koti la jeshi alilorithi kwa kaka yake, mifuko yake haina mwisho. Akienda kwenye mkutano wa kijiji anatoka na kiti cha mwenyekiti mfukoni. Akiambiwa twende shamba la ujamaa, anatoa mfukoni jembe, anatoa mpini, halafu anatoa ugonjwa. Nilimchora nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, jalada nikakata kwenye mifuko ya saruji, na mama yako akashona mgongo kwa cherehani. Unafikiri ile mishono yako iliyonyooka umeitoa wapi? Kibali hatukuwa nacho na hatukukiomba. Mtu wa kutoa kibali angetaka kwanza kuona kama yeye yumo.

Muuzaji alikuwa Rwegasira, jirani yetu. Nikisema jirani nampunguza. Tulikuwa tumefanya omukago, ule udugu wa wazee wa kutafuna punje moja ya kahawa iliyopakwa damu ya wote wawili, ingawa padri alikuwa amekataza na mimi mwalimu nilitakiwa kuwa mfano. Yeye alikuwa na baiskeli na mdomo. Siku ya gulio alikwenda Nshamba, akapanga sabuni na chumvi mbele ya watu, na Ta Koti alikaa ndani ya shati lake akisubiri anayemjua. Kijitabu kimoja kilitosha kilabu kizima cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Asiyejua kusoma aliangalia picha, anayejua alisoma kwa sauti akitafsiri kwa Kihaya, na hizo tafsiri, nakwambia, zilikuwa na matusi ambayo mimi sikuyaandika. Kikitoka hapo kinavuka kwenda kijiji cha pili, kinarudi hakina jalada, na bado kuna mtu anakigombania. Wengine walilipa kwa mayai, wengine kwa ndizi. Mama yako hakulalamika.

Hiyo ndiyo sehemu nzuri, na wewe umeichora vizuri. Rwegasira juu ya baiskeli, kifua kimevimba kwa vijitabu, nimemwona yuko hai kabisa. Nimecheka peke yangu mezani, halafu nikakifunga.

Sasa kuna jambo umelirithi kwangu, nimeliona katika kila ukurasa wako. Huchori kitu usichokiona. Ile sufuria uliyochora ni sufuria ya mama yako, na mpini wake uliovunjika. Mimi nilikuwa vivyo hivyo. Ta Koti nilimbuni, lakini nyumba yake, mlango wake, mbuzi wake, vyote nilivichukua kwa watu. Niliona hiyo ndiyo heshima ya kazi. Na watu walipenda. "Huyu mbuzi ni wa Ta Ishengoma," wanasema, na Ishengoma mwenyewe anajiona amepata cheo.

Ukaja wakati wa kahawa kupelekwa Uganda kwa magendo. Malipo ya huku yalichelewa, ya kule yalitolewa palepale, kwa hiyo watu walivusha. Wanamgambo wakawa wanapita nyumba kwa nyumba, wanachoma vyuma kwenye mapaa ya nyasi, wanafukua hata mashimo ya kuivishia ndizi za pombe. Nikakaa nikajiuliza, kuna mahali gani ambapo mwanamgambo, naye ni Mhaya kama mimi, hataweka mkono? Jibu likaja lenyewe. Sisi tunazikana kibanjani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba yetu. Mtu hauzi kibanja chake kwa sababu ya waliolala humo. Nikaanza kucheka kabla sijashika kalamu. Ta Koti atazika kahawa.

Nakuapia, Koku, sikuwahi kusikia hata mtu mmoja aliyefanya hivyo. Ilichekesha kwa sababu haifanyiki. Ta Koti anaviringisha magunia kwenye shuka, anaalika wanawake wa kulia, padri anakuja na maji ya baraka, mwenyekiti anatoa hotuba ndefu juu ya marehemu aliyekuwa mchapakazi. Ukurasa wa mwisho marehemu anafukuliwa na kupanda mtumbwi kwenda Uganda.

Basi nikahitaji kaburi la kuchora.

Surua ilikuwa imepita si zamani. Ilimchukua Kamugisha, tuliyezoea kumwita Mugisha, mtoto wa pekee wa Rwegasira na mkewe, Ma Leokadia. Wewe ndiye uliyekuwa ukimbeba mgongoni, na siku aliyozikwa hukula. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachimbaji. Lilikuwa kaburi dogo, na kichwani pake Rwegasira alipanda mulamula, ule mmea tunaopanda mipakani na makaburini. Alichukua tawi lenye vichwa viwili kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono wake, hakuwa na akili ya kuchagua. Pembeni palikuwa na mkahawa wa zamani uliopasuliwa shina na radi. Kaburi lingine jipya sikuwa nalo machoni. Nikachora hilo. Nikaweka mulamula wa vichwa viwili. Nikaweka mkahawa na mpasuko wake. Ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kufanya, na mpaka leo nasema hivyo, na ndiyo aibu yangu.

Rwegasira alikuja kuchukua vijitabu. Alifungua kimoja, akasimama palepale mlangoni.

"Mwalimu, hapa ni kwangu."

"Ni mfano tu," nikamwambia. "Nilihitaji kaburi."

"Ni la Mugisha hili."

"Hakuna jina. Nani atajua?"

Alinyamaza. Ningemwachia nafasi kidogo tu, angesema. Badala yake nikaanza kumsomea hotuba ya mwenyekiti, nikamwigizia na sauti, na yeye kwa ajili yangu akacheka kidogo. Halafu akatia vijitabu ndani ya shati, akapanda baiskeli, akaenda Nshamba kuuza kaburi la mtoto wake. Hili halimo katika kijitabu chako. Lingekuwamo vipi? Pale mlangoni tulikuwa wawili, na mmoja amekufa.

Nani atajua, nilisema. Kila mtu alijua. Sisi watu wa vibanja tangu utoto tunafundishwa mipaka kabla ya sala, huu mulamula ni wa fulani, ule mkahawa ni wa babu wa fulani. Mimi Mhaya, mwana wa Mhaya, nilisahau hilo kwa sababu ya utamu wa mchoro. Mwanamgambo mmoja, kijana wa hapohapo niliyemfundisha kusoma mwenyewe, alikiangalia kijitabu akataja kibanja ni cha nani. Nadhani hakuwa na ubaya, alijisifu tu kwamba ametambua. Katibu wa kata akasikia. Kwake yeye hapakuwa na utani: mwalimu amechora, kwa hiyo mwalimu anajua kitu, na anayekizungusha kijitabu sokoni ndiye mwenye kaburi. Ukikaa kwenye kiti chake, ushahidi ulikuwa umetimia, na aliyeutimiza ni mimi.

Walikuja asubuhi, Rwegasira akiwa gulioni. Ma Leokadia alikuwa anamenya ndizi. Alilala juu ya kaburi, wakamwondoa. Akarudi, wakamfunga kwa kamba za mgomba kwenye ule mkahawa uliopasuka. Kwa hiyo aliona yote. Walichimba kwa majembe waliyoazima shuleni kwetu, na nilikuwa darasani walipoyachukua, nikadhani ni ya shamba la ujamaa. Kahawa haikuwamo. Mmoja wao alitapika kwenye migomba, wote wakaondoka mbiombio, hawakurudisha hata udongo. Mimi nilifika na chaki mikononi nikamkuta mama wa watu bado amefungwa. Nikamfungua. Tukamrudisha mtoto ardhini, mimi na yeye, na hakuninyooshea hata kidole.

Jioni Rwegasira alirudi. Hakuja kwangu. Alichukua panga, akamtafuta yule kijana aliyetaja kibanja, akamkata mkono. Gerezani hakukaa sana, kuhara kulimmaliza. Mwili hawakuurudisha. Wewe umemchora amelala karibu na mwanawe, mulamula miwili imesimama pamoja, na nimeona ulivyoyakaza macho yako kuichora ile. Nakuelewa. Lakini pale pana kaburi moja tu, mama. Rwegasira yuko mahali tusipopajua, hana hata mgomba wa kumfunika, na kwetu hakuna kifo kibaya kama hicho.

Sasa nije kwenye karatasi.

Katibu wa kata aliitisha mkutano. Alisema jambo la kaburi lilikuwa bahati mbaya na wahusika wameonywa. Halafu akanyanyua kijitabu changu juu, watu wote wakione, akasema mwalimu huyu amefichua mbinu za wanaohujumu uchumi, na kwamba Taifa linahitaji wachoraji wa namna hii. Akaniita mbele. Akanipa kibali chenye muhuri, wino, na bunda la karatasi. Ma Leokadia alikuwa amekaa mstari wa nyuma, amejifunga kitambaa cha msiba. Nilipokea kwa mikono miwili, Koku, nikasema asante.

Watu wanaonipenda wanasema niliogopa. Ni kweli niliogopa, ulikuwa mdogo na mama yako alikuwa na mimba, ile iliyotoka. Lakini wewe unakwenda kuishi kwa kazi hii, kwa hiyo nikwambie kilichobaki. Zilikuwa karatasi nzuri. Nyeupe pande zote mbili, sijawahi kuchorea karatasi kama zile maishani, na niliposimama pale mbele ya mwanamke yule, sehemu ya akili yangu ilikuwa inahesabu ni Ta Koti wangapi watatoka humo.

Nikamchora tena. Safari hii anaamka alfajiri, analima shamba la kijiji, kahawa yake yote anaipeleka kituoni, na mifuko ya koti ameishona. Nshamba hakununua mtu. Hawakunitukana, unawajua watu wetu. Walikipokea kijitabu, wakakigeuza, wakanirudishia. "Asante, Mwalimu, tumeshasoma." Mama mmoja alikipokea bure akafungia senene mbele ya macho yangu, akaendelea kuongea na mwenzake. Nilijaribu toleo jingine, na uso wa Ta Koti ukakataa. Nilikwaruza, nikakwaruza, kila mara anatoka mtu mwingine, mtu mwenye macho ya anayehojiwa. Nikaomba uhamisho. Ndiyo maana umekulia hapa Nyanga, na ndiyo maana hujawahi kuniona nikichora zaidi ya ramani ya Afrika ubaoni.

Sitaki kukuhubiria. Ukikatazwa utajua la kufanya, kichwa kigumu cha mama yako unacho. Mimi sikuogopei siku watakayokukataza. Nakuogopea siku watakayokuita mbele na kukupigia makofi, kwa sababu siku hiyo mkono unakuwa mwepesi na macho hayaangalii mstari wa nyuma. Na yule rafiki atakayesimama mlangoni na kazi yako mkononi akanyamaza, usimwigizie sauti. Nyamaza naye. Mimi ningenyamaza kidogo tu siku ile, Rwegasira angekuwa babu wa watu sasa.

Leo nilikwambia nakwenda kufuatilia pensheni. Nilidanganya. Nilidandia lori hadi Nshamba, nikatembea kwa miguu hadi Kishanda, kijitabu chako kikiwa ndani ya shati langu. Sikuwa nimekanyaga kule tangu tuhame. Nakwambia ukweli, nilitoka hapa na nia ya kukichoma njiani, nirudi nikwambie nimekipoteza. Kiberiti nilikitoa, nikakaa juu ya jiwe, nikafungua ukurasa wowote wa kuanzia. Nikakutana na Mugisha anamkimbiza kuku, kashika kaptura kwa mkono mmoja isidondoke. Nikakirudisha kiberiti mfukoni, nikaendelea kutembea.

Ma Leokadia alikuwa anapalilia. Amezeeka, lakini mgongo umenyooka. Aliniangalia mpaka nikafika karibu.

"Umekuja mchana," akasema.

"Ndiyo, waitu," nikamjibu kwa heshima.

"Vizuri. Majirani wameona."

Alinikaribisha kwenye kigoda. Kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni hakunitolea, na sikuitegemea. Nilianza maneno niliyokuwa nimeyaandaa miaka yote hii, akanikata. "Hayo yaache. Kilichokuleta ni nini?" Nikatoa kijitabu. Nikamwambia ni kazi ya Koku, yule aliyekuwa akimbeba Mugisha, anakwenda Dar es Salaam kesho, anataka kichapwe. Nimekuja kumwonyesha kabla hakijaondoka.

Unajua hasomi. Alifuta mikono kwenye khanga, akakipokea, akaanza kufungua polepole. Kwenye picha ya Rwegasira alitoa sauti puani, nusu kicheko. "Ndiye. Hata namna ya kubana midomo akipanda mlima." Akafungua tena. Kwenye ukurasa wa kuku alisimama.

"Koku alimchora akiangalia nini?" akauliza.

"Kichwa chake tu. Anamkumbuka."

"Sisi hatukuwa na picha yake. Hakupigwa picha." Alipitisha kidole kwenye shavu la Mugisha, taratibu, asiharibu wino. "Mwalimu, mimi nikifumba macho namwona walivyomtoa. Sijawahi kumwona vingine tangu siku ile. Nilijua alikuwa na mashavu, lakini nilikuwa siyaoni."

Safari hii nilinyamaza kweli.

Akaendelea na kurasa zilizofuata. Wanamgambo. Kaburi. Yeye mwenyewe amefungwa kwenye mkahawa. Umemchora vizuri, Koku, umechora hata kamba. Hakulia. Alifika mwisho, akafunga, akakiweka juu ya mapaja.

"Na hizi zitakwenda wapi?"

"Zitauzwa. Nchi nzima, wakikubali."

"Watu waziangalie."

"Ndiyo. Wajue kilichotendeka hapa." Nilisikia sauti yangu ikipanda kama ya mtu wa jukwaani, nikaona haya.

"Kishanda wanajua," akasema. "Walishamfukua mara moja, Mwalimu. Mwambie Koku namshukuru, na mwambie hapana."

Halafu akanyanyua kijitabu tena, akatafuta ukurasa wa kuku, akaniomba huo.

Kwa hiyo swali lako lina jibu, na si langu. Nilikuwa na hamu ya kukukataza na kuonekana baba mwenye busara, na nilikuwa na hamu zaidi ya kukuruhusu, kwa sababu, Mungu anisamehe, ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya mimi, na nilijiona nimesimama tena Nshamba watu wakigombania nakala. Huko Dar es Salaam hakuna atakayejua kwamba ulikatazwa na mwanamke mmoja wa Kishanda. Mimi sitakuwapo mlangoni. Sitakuuliza katika barua, na nisipoona kitu madukani sitadhani hili wala lile.

Kijitabu nimekirudisha sandukuni mwako, chini ya vitenge. Sikukichoma. Lakini kimepungua, na nilikipunguza bila ruhusa yako. Niliukata uzi kwa wembe wa Ma Leokadia, nikautoa ukurasa bila kuuchana, naye akaupeleka ndani akaubandika ukutani juu ya kitanda chake kwa ulimbo wa fenesi. Mugisha na kuku wake wako huko. Waliobaki kwako ni wale wenye majembe.

Baba yako